Sare za Mabaka za Jeshi la Marekani Vitani Ulaya, 1944–1945: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila ninapomwonyesha mtu picha ya askari wa Marekani aliyevaa mabaka huko Normandy, jibu la kwanza huwa lile lile: "Huyu ni Mjerumani." Mwezi Julai 1944 wako Wamarekani waliosema hivyo hivyo walipowaona wenzao, ila wao walikuwa na bunduki mikononi. Kwa sababu hiyo naichukulia habari ya nguo hizi kwa uzito kuliko watu wengi wanavyotarajia. Maswali yafuatayo ndiyo yanayonifikia mara nyingi. Mengine nimeyajibu kwa mistari michache, mengine nimekaa nayo.

Je, ni kweli jeshi la nchi kavu la Marekani lilivaa mabaka Ulaya katika Vita Kuu ya Pili?

Ni kweli, ila ni vikosi vichache, na kwa muda mfupi sana. Wanaojulikana zaidi ni askari wa Divisheni ya 2 ya Vifaru, hasa Rejimenti yake ya 41 ya askari wa miguu na Batalioni ya 17 ya wahandisi. Walizivaa Normandy, Ufaransa, katika majira ya joto ya 1944. Ukitoa hao, pamoja na askari wa miamvuli waliopaka nguo zao rangi na wale waliojifunika shuka nyeupe wakati wa theluji, karibu kila Mmarekani aliyepigana Ulaya alivaa nguo za rangi moja tangu siku ya kutua hadi siku ya amani.

Askari wa kawaida alivaa nini basi?

Shati na suruali za sufu zenye rangi ya kahawia inayoelekea kijani, na juu yake jaketi fupi la mfano wa 1941. Jaketi hilo lilikuwa na rangi ya mpauko, karibu na mchanga, na kila lilipofuliwa lilizidi kupauka. Askari wengi hawakulipenda: halikuwa na joto la kutosha, na mtu aliyelivaa alionekana kutoka mbali. Baadaye lilikuja koti la 1943, refu kidogo, lenye mifuko minne na rangi ya zeituni iliyokolea. Ukiona picha za Wamarekani wa majira ya baridi ya 1944 wakiwa na makoti marefu kiasi ya kijani kizito, mara nyingi ndilo hilo.

Palikuwa pia na nguo za kazi za pamba, kijani tupu, ambazo askari wengi walizivaa juu ya sufu. Kitambaa chake wakusanyaji hukiita HBT: pamba iliyofumwa kwa mistari inayopindana kama miiba ya samaki. Kishike kitambaa hicho akilini, kwa sababu sare za mabaka zilishonwa kwa kitambaa hicho hicho.

Mabaka yenyewe yalitoka wapi?

Yalitoka bustanini. Wahandisi wa jeshi la Marekani walianza kufanya majaribio ya nguo za kujifichia mwaka 1940, na mtu anayetajwa kuwa ndiye aliyebuni mchoro uliochukuliwa ni Norvell Gillespie, mtaalamu wa mimea aliyekuwa akiandika kurasa za bustani kwenye magazeti. Kwangu mimi hili lina maana kubwa. Mtu aliyezoea kutazama jinsi kivuli kinavyoangukia jani, na jinsi jani moja linavyolimeza jingine, ndiye aliyepewa kazi ya kumfanya binadamu apotee kichakani. Kabla yake, mchoraji Abbott Thayer alikuwa ametumia miaka mingi kuwaeleza Wamarekani wenzake jinsi rangi za ndege na wanyama zinavyowaficha, na kitabu cha nadharia yake kilitoka mwaka 1909. Wasanii na watu wa mimea waliliona jambo hili kabla ya majenerali.

Mchoro wa Gillespie ni wa madoa ya mviringo yanayopandana, mepesi juu ya mazito. Kitambaa kilichapwa pande zote mbili: upande mmoja kijani kwa ajili ya msitu, upande wa pili kahawia kwa ajili ya ufukwe na nchi kavu. Nguo iligeuzwa kulingana na mahali. Kwa sababu ya yale madoa watu wameupa jina la ngozi ya chura, na ukimtazama chura wa mtoni akiwa ametulia kwenye magugu utaona jina halikukosewa.

Aliyeusukuma mchoro huo kiwandani ni Jenerali Douglas MacArthur. Mwezi Julai 1942 aliomba sare 150,000 za kupigania msituni kwa ajili ya askari wake wa Pasifiki. Nguo ya kwanza iliyotoka ilikuwa ovaroli ya kipande kimoja, na iliwatesa. Ilikuwa na joto, ikilowa inakuwa nzito, na askari mwenye tumbo la kuhara, ambao msituni walikuwa wengi, alihangaika kuivua. Mwaka 1943 ikaja sare ya vipande viwili, koti na suruali. Hii ya vipande viwili ndiyo iliyovuka Atlantiki na kufika Ufaransa.

Divisheni ya 2 ya Vifaru ilizivaa lini na wapi hasa?

Divisheni hii haikuwa ya wageni wa vita. Ilikuwa imepigana Afrika Kaskazini na Sicily kabla ya kufika Normandy mwezi Juni 1944, siku chache baada ya tarehe 6, siku majeshi ya Washirika yalipotua huko. Mwezi Julai iliwekwa tayari kwa shambulio lililopewa jina la Cobra, lenye lengo la kuupasua mstari wa Wajerumani magharibi ya mji wa Saint-Lô na kufungua njia ya kutoka Normandy.

Cobra ilianza rasmi tarehe 25 Julai. Picha zinazojulikana za askari wa Rejimenti ya 41 wakiwa na mabaka ni za siku hizo, wakiwa njiani kupitia vijiji kama Canisy na Pont-Brocard. Wamekaa juu ya magari ya kivita yenye magurudumu mbele na minyororo nyuma, wengine wanatembea kando ya barabara, nyuso zimejaa vumbi. Ukiziangalia haraka utaapa kwamba ni askari wa SS, jeshi la chama cha Nazi cha Ujerumani, wanaokimbia kuelekea kusini.

Na SS walikuwapo kweli, karibu kabisa. Divisheni ya Das Reich na ile ya 17 ya SS zilikuwa eneo hilo hilo, na mwishoni mwa Julai mabaki yao yalijikuta yamezungukwa karibu na Roncey. Walijaribu kuvunja mzingiro usiku, na walioziba njia walikuwa Divisheni ya 2 ya Vifaru. Huko Grimesnil na Saint-Denis-le-Gast pande mbili zilipigana gizani, karibu kiasi cha kusikiana sauti. Wafikirie watu wanaopigana usiku wa namna hiyo, pande zote mbili zikiwa na nguo za mabaka ya kijani na kahawia.

Kwa nini Wamarekani wenyewe waliwaona kama Wajerumani?

Kwa sababu Ulaya mabaka yalikuwa tayari na mwenyewe.

Waitaliano ndio waliotangulia. Mwaka 1929 walitoa kitambaa cha hema kilichochapwa mabaka. Wajerumani wakafuata na kitambaa chao cha hema mwaka 1931, kile chenye vipande vyenye pembe kali kama kioo kilichovunjika. Kisha Waffen-SS, yaani tawi la kivita la SS, wakaenda mbali zaidi ya wote. Miaka ya mwisho ya thelathini walianza kushona vizibao na vifuniko vya kofia vyenye mabaka yanayofanana na majani na mwanga unaopenya katikati yake. Profesa wa sanaa Otto Schick ndiye anayehusishwa na michoro hiyo. Nao walitumia vitambaa vya kugeuza: upande mmoja wa masika, upande mmoja wa vuli. Mwaka 1944 wakaongeza sare kamili ya koti na suruali zenye madoa madogo madogo kama njegere.

Sasa mfikirie askari wa miguu wa Kimarekani ambaye amekuwa Normandy kwa wiki sita. Mashamba ya huko ni madogo, na kila shamba limezungukwa na tuta la udongo lililoota miti na vichaka juu yake, zee na nene kiasi kwamba hata kifaru kinakwama. Humwoni adui mpaka yuko hatua chache mbele yako. Katika wiki hizo sita amejifunza jambo moja ambalo hakufundishwa kambini: anayetokea kichakani na mabaka ni SS, na SS hapigi hodi. Jicho lake limeshaamua kabla akili haijauliza. Habari kwamba kikosi cha jirani kimebadilisha nguo haimfikii kila mtu aliyejikunyata kwenye shimo lake, na hata ikimfikia, kidole kwenye kifyatulio kina kumbukumbu yake.

Tena siku hizo watu walikuwa na hofu ya kupigwa na wenzao, na hofu hiyo ilikuwa na sababu. Tarehe 24 na 25 Julai ndege za Marekani zilizotumwa kuwapiga Wajerumani ziliangusha mabomu yao juu ya Wamarekani. Siku ya kwanza walikufa 25, siku ya pili 111. Miongoni mwa waliokufa tarehe 25 ni Luteni Jenerali Lesley McNair, aliyekuwa amesimamia mafunzo ya majeshi ya nchi kavu ya Marekani. Vikosi vilivyosonga mbele baada ya hapo vilikuwa vimetoka kuzika watu waliouawa na upande wao.

Kuna kitu kimoja katika picha za siku hizo kinachonishika kila mara. Yale magari yanayowabeba askari wa mabaka yamechorwa nyota kubwa nyeupe, na juu ya boneti yametandazwa vitambaa vya rangi kali ili marubani wa Marekani wayatambue kutoka angani. Mtu amevaa nguo ya kumficha, amekaa juu ya gari linalopiga kelele "Mimi ni mwenzenu!" Gari lilikuwa na njia ya kujitambulisha kwa wenzake. Askari aliposhuka akaingia kichakani hakuwa nayo.

Je, tatizo lilikuwa mchoro mbaya?

Hapana, kwa maoni yangu. Mchoro huo huo ulivaliwa na wanamaji wa nchi kavu wa Marekani, yaani Marines, huko Pasifiki, na huko haukuleta mkanganyiko wa aina hii. Wajapani kwa kawaida walivaa nguo za rangi moja, kisha wakajichomeka majani na nyavu. Kwa hiyo kwenye kisiwa cha Pasifiki mabaka yalimaanisha Mmarekani, na kwenye shamba la Normandy yalimaanisha Mjerumani. Kitambaa ni kile kile. Kilichobadilika ni nani aliyetangulia kukivaa mbele ya macho ya watu.

Kwa nini basi jeshi liliyaacha kabisa, hata pale ambapo SS hawakuwapo?

Kwa sababu ya pili, inayohusu mwendo. Mabaka humficha vizuri mtu aliyetulia, kama mdunguzi aliyelala kichakani akisubiri. Akianza kukimbia, yale madoa yenye rangi zinazopingana husogea pamoja na kuvuta jicho la anayetazama, na mara nyingine kumfichua zaidi ya nguo ya rangi moja. Askari wa miguu anayeshambulia hutembea na kukimbia. Kufikia 1944 jeshi la nchi kavu la Marekani lilikuwa limeona kwamba zeituni tupu inamfaa mtu huyo zaidi, na inapakwa rangi kiwandani kwa urahisi kuliko kuchapwa.

Hapa wasomaji wa Afrika Mashariki wana mfano wa nyumbani. Keya, yaani askari wa King's African Rifles, waliopelekwa Burma mwaka 1944 pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walipigana katika msitu mnene wa bonde la Kabaw, wakipokea amri kwa Kiswahili, na nguo zao zilikuwa kijani tupu ya msituni. Jeshi la Waingereza huko lilikuwa limeachana na kaki likahamia kijani hiyo bila kuongeza doa hata moja. Waingereza nao walikuwa na mabaka, lakini waliyaweka zaidi kwa askari wao wa miamvuli, katika koti linaloitwa Denison ambalo mwanzoni lilichorwa kana kwamba mtu amepitisha brashi pana juu yake.

Askari wa miamvuli wa Marekani waliovaa mabaka usiku wa kuamkia 6 Juni walikuwa nani?

Walikuwa watangulizi wa Divisheni za 82 na 101, yaani wale walioruka kabla ya wengine wote ili kuweka taa na vyombo vya redio vya kuongozea ndege. Wao hawakupewa nguo zilizochapwa. Walichukua sare zao za kurukia za mfano wa 1942, zenye rangi ya kaki, wakazipaka rangi ya kijani na nyingine nzito kwa mikono. Ndiyo maana hakuna mbili zinazolingana. Ukiona picha ya sare ya miamvuli yenye madoa makubwa yaliyopakwa ovyo ovyo na kingo zisizo safi, huenda unamtazama mtangulizi.

Jambo jingine linalowachanganya watu ni vipande vya mwavuli. Miavuli mingi ya Wamarekani ilikuwa na kitambaa chepesi cha kijani chenye mabaka. Baada ya kutua, askari aliukata kipande akajifunga shingoni kama skafu au akakifunga kwenye kofia yake ya chuma. Kilimkinga na jasho na vumbi, na kilikuwa ukumbusho wa usiku alioupita akiwa hai. Hiyo si sare, ni kipande cha mwavuli tu.

Kofia za chuma zenye kifuniko cha mabaka je? Nimeziona kwenye filamu za Ulaya.

Kile kifuniko cha kitambaa ni alama ya Marines, na vikosi vyao vilipigana Pasifiki. Askari wa nchi kavu huko Ulaya alifunika kofia yake kwa wavu, na askari wa miamvuli alichomeka vipande vya gunia kwenye matundu ya wavu huo. Filamu ikimvisha askari wa Normandy kifuniko cha Marines, aliyechagua mavazi amekosea.

Wakati wa theluji walijifichaje?

Hili ndilo swali ninalopenda kulijibu kuliko yote.

Tarehe 16 Desemba 1944 Wajerumani walishambulia ghafla katika misitu ya Ardennes, Ubelgiji na Luksemburgi. Theluji ilipotanda, Mmarekani mwenye koti la zeituni alionekana kama tone la wino juu ya karatasi. Wajerumani wengi walikuwa na nguo nyeupe za kuvalia juu ya sare. Wamarekani wa mstari wa mbele hawakuwa nazo za kutosha. Magari waliyapaka chokaa. Watu walihitaji kitu kingine.

Katika kijiji cha Hemroulle, nje kidogo ya Bastogne, palikuwa na batalioni ya askari wa miamvuli ya Rejimenti ya 502, chini ya kamanda aliyeitwa John Hanlon. Mji ulikuwa umezungukwa na baridi ilikuwa kali. Hanlon aliwaomba wanakijiji shuka zao za kitanda. Kengele ya kanisa ikapigwa, watu wakaja na shuka mikononi. Askari wakazikata, wakajifunga wenyewe na kuzifunika kofia na bunduki zao.

Kwa familia ya kijijini wakati wa vita, shuka haikuwa kitu kidogo. Ilikuwa nguo ya ndoa, urithi wa bibi, kitu kilichofuliwa na kukunjwa kabatini kwa miaka. Ufaransa na Ubelgiji zilikuwa zimepita miaka minne chini ya Wajerumani, na dukani hapakuwa na shuka nyingine ya kununua. Walizitoa.

Hanlon hakulisahau jambo hilo. Vita vilipokwisha, watu wa mji wake wa Winchester, jimbo la Massachusetts, waliposikia kisa hicho walichanga shuka mpya, na mwaka 1948 alirudi Hemroulle akawarudishia wanakijiji. Kengele ikapigwa tena, na watu wakaja kupokea.

Nikisoma kuhusu viwanda vilivyochapa mabaka kwa maelfu, kisha nikasoma kuhusu shuka za Hemroulle, naona kwamba vazi la kujifichia lililofaa zaidi Ulaya nzima kwa Wamarekani lilikuwa lile waliloazimwa na wenyeji. Shuka nyeupe ya Hemroulle haikuhitaji kugeuzwa, na juu ya theluji kila upande uliivaa nyeupe kwa sababu hapakuwa na rangi nyingine.

Kama pande zote zilivaa nyeupe, hawakuchanganyana tena?

Walichanganyana. Ndiyo sababu kulijua neno la siri la usiku kulikuwa ndio uhai wa mtu. Na Ardennes palikuwa na hofu ya ziada: Wajerumani waliovaa sare za Kimarekani kwa makusudi. Otto Skorzeny, afisa wa SS, alituma vikundi vidogo vya watu wanaojua Kiingereza, wakiwa kwenye jipu za Marekani na nguo za Marekani, wavuruge barabara na habari.

Idadi yao ilikuwa ndogo, lakini hofu waliyoipanda ilikuwa kubwa. Walinzi barabarani walianza kuuliza maswali ambayo Mmarekani wa kweli angeyajua: timu za besiboli, miji mikuu ya majimbo. Jenerali Omar Bradley mwenyewe alisimamishwa akaulizwa mji mkuu wa Illinois. Akajibu Springfield, ambalo ndilo jibu sahihi, lakini mlinzi alikuwa akiamini ni Chicago. Baadhi ya watu wa Skorzeny waliokamatwa na nguo hizo walipigwa risasi kwa hukumu ya mahakama ya kijeshi mwezi Desemba 1944 huko Henri-Chapelle. Skorzeny alishtakiwa mwaka 1947 akaachiwa.

Kwa hiyo katika miezi sita ya mwaka mmoja jeshi la Marekani lilipata shida ya nguo mara mbili. Julai wenzao walifanana na adui. Desemba adui akafanana na wenzao.

Je, Wamarekani hawa wa mabaka ndio "Jeshi la Mizimu" lililopewa medali?

Hapana, ingawa ni ndugu wa kazi. Jeshi la Mizimu lilikuwa kikosi cha watu kama 1,100 hivi, chenye jina rasmi la Kikosi Maalumu cha 23 cha Makao Makuu. Ndani yake palikuwa na batalioni ya 603 ya wahandisi wa kujificha, iliyojaa wasanii na wanafunzi wa sanaa. Mbunifu wa mavazi Bill Blass na mchoraji Ellsworth Kelly walipitia humo wakiwa vijana. Kazi yao ilikuwa kujaza upepo vifaru vya mpira, kucheza sauti za injini kwenye vipaza sauti na kushona nembo za divisheni nyingine mabegani, ili Mjerumani aone jeshi pale ambapo halipo. Bunge la Marekani liliwapa medali yake ya dhahabu, kwa sheria iliyosainiwa mwaka 2022, na sherehe ikafanyika Machi 2024 wakiwa wamebaki wazee wachache sana.

Nina picha ya zamani. Nitajuaje kama aliyevaa mabaka ni Mmarekani au SS?

Anza na kofia. Kofia ya Mmarekani ni ya mviringo, kama bakuli lililopinduliwa, lenye ukingo mwembamba. Ya Mjerumani inashuka kufunika masikio na shingo. Lakini usiishie hapo, kwa sababu watu huvua kofia, na kofia hufunikwa.

Kisha tazama kifua. Vazi la SS linaloonekana mara nyingi ni kizibao kinachovaliwa kwa kupitisha kichwani, chenye kamba za kufungia shingoni na mpira kiunoni, kwa hiyo nguo inavimba juu na chini ya mkanda. Koti la Mmarekani linafunguka mbele lote, na lina mifuko mikubwa kifuani. Suruali yake ina mifuko mikubwa ya mapajani. Mjerumani mara nyingi amevaa mabaka juu tu, na suruali ni ya sufu ya kijivu. Mmarekani wa Julai 1944 ana mabaka juu na chini.

Mabaka yenyewe: ya Mmarekani ni madoa makubwa ya mviringo, yenye nafasi. Ya SS ni madogo na yamejaa, na mara nyingi yana vidoa vidogo ndani ya vikubwa. Picha zisizo na rangi huonyesha tofauti hii vizuri kuliko zile zilizopakwa rangi kwa programu za kompyuta, kwa sababu rangi hizo za kubuni mara nyingi zinadanganya. Usiziamini.

Mwisho angalia mikanda na silaha. Mikanda ya Wamarekani ni ya turubai, ya Wajerumani ni ya ngozi. Bunduki ya Garand ya Wamarekani haifanani na Mauser ya Wajerumani. Lakini askari huokota silaha za adui, kwa hiyo silaha peke yake isikuamulie.

Sare hizo zilikwenda wapi baada ya Normandy?

Ziliondolewa kwa askari wa Ulaya. Zilizobaki maghalani zilisafiri sana. Wafaransa walizivaa Indochina. Wawindaji wa bata wa Marekani walinunua akiba ya jeshi, na mchoro ukapata jina lao. Wacuba waliofadhiliwa na CIA, shirika la ujasusi la Marekani, kuvamia Ghuba ya Nguruwe nchini kwao mwezi Aprili 1961 walivaa mabaka ya ukoo huo. Jeshi la nchi kavu la Marekani lenyewe lilikaa na kijani tupu hadi vita vya Vietnam vilipolirudisha kwenye mabaka, na sare ya mabaka kwa kila askari ikaja mwanzoni mwa miaka ya themanini.

Nimeona koti la namna hiyo kwenye mitumba. Naweza kulivaa mtaani?

Nakushauri usilivae. Tanzania, Kenya na Uganda zina sheria zinazomkataza raia kuvaa sare za jeshi au nguo zinazofanana nazo, na askari anayekukuta nalo hatasimama kusikiliza kwamba mchoro ni wa mwaka 1942. Koti halisi la wakati huo pia ni adimu. Mengi yanayouzwa ni nakala zilizoshonwa kwa ajili ya wakusanyaji na maigizo. Ukitaka kujua, geuza kitambaa: la kweli limechapwa pande zote mbili, kijani kwa kahawia, na ufumaji wake ni ule wa miiba ya samaki.

Vifaa vya Wamarekani hao naweza kuviona wapi?

Kama uko Ulaya au una ndugu huko, jumba la makumbusho la askari wa miamvuli lipo Sainte-Mère-Église, Normandy, katikati ya mji ambao Divisheni ya 82 iliangukia usiku wa kuamkia 6 Juni 1944. Kwa upande wa theluji kuna makumbusho ya vita ya Bastogne. Ukifika huko, omba uelekezwe Hemroulle. Ni mwendo mfupi tu kutoka mjini.